Nodi haipatikani: je, mchakato wake umekufa?

Swali

Shikamoo mwalimu. Naandika programu kwa lugha ya Erlang hapa Mwanza. Tuna klasta (kundi) ya nodi tatu, yaani programu tatu za Erlang zinazoendeshwa kwenye seva tofauti na kushirikiana, inayotuma SMS za kuwakumbusha wanachama wa SACCOS tarehe za marejesho ya mikopo. Nodi A ina mratibu anayegawa kazi, nodi B na C zina michakato inayotuma. Mratibu hufuatilia kila mchakato kwa monitor. Usiku mmoja alipokea DOWN, yaani taarifa ya kifo, yenye sababu noconnection (hakuna muunganisho) kuhusu mchakato wa nodi B, akaihamishia kazi yake nodi C. Baadaye tukagundua kuwa ule wa B ulikuwa hai muda wote na uliendelea kutuma. Wanachama wengi walipata SMS ile ile mara mbili, na mteja wetu amekasirika. Mwenzangu anashauri tuwe tunapiga ping (ishara ya kuuliza kama nodi ipo) kila sekunde moja ili tujue mapema na kwa uhakika. Je, hiyo ndiyo dawa? Nitajuaje kwa hakika kwamba mchakato wa nodi nyingine umekufa?

Jibu

Marahaba, na poleni kwa usiku huo. Ping ya kila sekunde si dawa, na huenda ikawaongezea usiku mwingine kama ule. Ukiwa nodi A huwezi kujua kwa hakika kwamba mchakato wa nodi B umekufa, isipokuwa nodi B yenyewe ikuambie. Usiku ule haikukuambia neno. Kwa hiyo pa kurekebisha ni kwenye kile ambacho mratibu wako anafanya baada ya kupokea DOWN, na pia kwenye kile ambacho mchakato wa B unaruhusiwa kufanya ukiwa umepoteza mawasiliano na A. Nitakueleza kwa nini, halafu nikuambie ningefanya nini kama mfumo huo ungekuwa wangu.

Tuangalie kwanza nodi zinavyoshikana. Nodi inapoanza hujiandikisha kwa epmd, programu ndogo inayosikiliza poti 4369 kwenye kila seva. A ikitaka kuongea na B, huiuliza epmd ya seva ya B ni poti gani nodi hiyo inasikiliza, hufungua muunganisho wa TCP, kisha pande zote mbili huthibitishiana kuwa zina kuki moja, yaani neno la siri la pamoja. Baada ya hapo, kila kitu kati ya A na B hupita kwenye muunganisho huo mmoja: jumbe za kawaida, viungo, ufuatiliaji, taarifa za vifo, hata majina yanayosajiliwa klasta nzima. Usipobadilisha mipangilio, kila nodi huungana na kila nyingine, hivyo nodi tatu zina miunganisho mitatu, na nodi 100 zingekuwa na 4,950.

Ukituma ujumbe kwa alama ya mshangao, mtumaji hasubiri jibu lolote. Amri hiyo kwa kawaida hurudi mara moja hata kama mpokeaji alishakufa, hata kama seva yake imezimwa tangu jana. Hakuna kosa linalotokea. Erlang inakuahidi jambo moja tu kuhusu safari hiyo: jumbe za mchakato mmoja kwenda kwa mchakato mwingine mmoja hufika kwa mpangilio uliotumwa. Haikuahidi kwamba zitafika. Na ahadi ya mpangilio yenyewe ina tundu ambalo wengi hawalioni. Muunganisho ukikatika kisha ukarudi, mpokeaji anaweza kupata ujumbe wa kwanza, wa pili, kisha wa tano, wala asijue kuwa wa tatu na wa nne walipotelea njiani. Mpangilio umeheshimiwa, lakini katikati pana pengo. Hans Svensson na Lars-Åke Fredlund walilieleza jambo hili mwaka 2007 walipochambua mitego ya kuandika programu za Erlang zinazosambaa kwenye nodi nyingi, na bado linawanasa watu hadi leo, kwa sababu kwenye nodi moja halitokei kabisa na majaribio yetu mengi tunayafanyia kwenye nodi moja.

Ndiyo maana kuna monitor. Mratibu wako anapoanza kufuatilia mchakato wa B, ishara hupelekwa B, na mashine ya Erlang ya B (programu inayoendesha nodi, si seva yenyewe) huandika kwenye daftari lake kuwa mratibu wa A anataka kuarifiwa. Mchakato ukifa, B humtumia mratibu ujumbe wa vipengele vitano: neno DOWN, rejea ya ufuatiliaji, aina ya kitu kinachofuatiliwa, kitambulisho chake, na sababu. Programu nyingi ninazoletewa kukagua husoma vile vinne vya mwanzo na kuweka alama ya kupuuza pale penye sababu. Nina wasiwasi ya kwenu ni mojawapo.

Sababu ndiyo inayokuambia taarifa imetoka kwa nani. Ikiwa ni normal, shutdown, au maelezo marefu ya kosa lililouangusha mchakato, imetoka B: nodi iliyokuwa inauendesha inashuhudia kwamba haupo tena. Ikiwa ni noproc, ushahidi bado ni wa B, isipokuwa B inasema ulipofika kuuliza haikukuta mtu. Huenda mchakato ulikufa kabla, huenda haukuwahi kuzaliwa, na sababu ya kifo chake hutaipata tena. Kwa hizo zote, hamishia kazi C bila hofu ya kwamba yupo mtu anaendelea nayo.

Noconnection ni kitu kingine kabisa. Ujumbe ule uliandikwa na nodi A, nodi yako mwenyewe. Muunganisho na B ulipovunjika, A ilipitia daftari lake, ikatafuta kila ufuatiliaji uliokuwa unaelekea B, na kwa kila mmoja ikatengeneza DOWN yenye sababu hiyo. B haikushiriki. Ukimpigia mtu simu ukaambiwa hapatikani kwa sasa, huanzi kuchanga fedha za matanga. Mratibu wako alizichanga. Tena B nayo, kwa wakati wake, iliandika kwamba wa A hawapatikani. Kila upande uliona mwenzake ametoweka, na wote wawili walikuwa wazima.

Sasa ile ping. Kwa kawaida nodi mbili zilizoungana zikikaa kimya hupeana ishara ndogo ya uhai. Kipimo chake kinaitwa net_ticktime na huwa sekunde 60, zinazogawanywa mara nne, kwa hiyo ukimya hukaguliwa kila sekunde 15. Kama kuna jumbe nyingine zinapita, hizo zenyewe ni uthibitisho wa uhai na ishara ya ziada haihitajiki. Upande mmoja usiposikia chochote, utakata muunganisho kati ya sekunde 45 na 75 tangu ukimya ulipoanza. Hivi ndivyo kifo kinavyogunduliwa pale umeme unapokatika au kebo inapochomolewa, yaani pale ambapo hakuna aliyebaki wa kuaga. Mashine ya Erlang ikianguka peke yake huku seva ikibaki hai, mambo ni tofauti: mfumo endeshi wa seva hufunga soketi na A hujua papo hapo. Kwa maneno mengine, DOWN iliyokuja mara moja na DOWN iliyokuja baada ya dakika nzima zinaweza kubeba sababu ileile ya noconnection huku zimetokana na mambo yasiyofanana hata kidogo. Angalia kwenye logi zako ilichukua muda gani tangu B iongee mara ya mwisho. Hapo utapata dalili nzuri ya kilichotokea.

Unaweza kupunguza 60 iwe 20, na wakati mwingine ni uamuzi mzuri, ilmradi nodi zote ziwe na thamani moja. Lakini elewa unachonunua na unacholipa. Ukipunguza subira unagundua vifo vya kweli mapema, na wakati huohuo unawazika walio hai wengi zaidi, kwa sababu mtandao uliozubaa sekunde 25 au seva iliyoelemewa kidogo tayari imehukumiwa. Huu si udhaifu wa Erlang. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kihisabati kwamba kwenye mtandao usio na kikomo cha ucheleweshaji hakuna njia ya kuafikiana inayohakikishiwa kufika mwisho, hata kama ni mchakato mmoja tu unaoweza kufa. Kiini cha ugumu huo ndicho ulichokutana nacho: aliyechelewa na aliyekufa, ukiwatazama kutoka mbali, wanafanana. Mwaka 1996 Tushar Chandra na Sam Toueg wakaonyesha namna ya kuishi na ugumu huo kwa kukubali kuwa kigunduzi cha vifo kinaweza kukosea, kisha kuandika programu ambayo haiharibu kitu kigunduzi kinapokosea. Mwenzako anatafuta kigunduzi kisichokosea. Mpe pongezi kwa bidii yake, kisha mwambie hakipo.

Ping ya kila sekunde ina madhara mawili zaidi. Inapita kwenye muunganisho uleule mmoja, hivyo foleni ikiwa ndefu nayo inasubiri, na wewe utasoma msongamano wako mwenyewe kama kifo cha B. Pia net_adm:ping ikikuta muunganisho haupo, hujaribu kuuunganisha upya. Ukiipiga mfululizo wakati mtandao unayumba, utakuwa unaunganisha na kukatika, unaunganisha na kukatika, na kila mzunguko ni nafasi mpya ya lile pengo nililolitaja juu.

Kuhusu msongamano, naomba mkague jambo moja kabla ya yote: je, kuna data kubwa mnayopitisha kati ya nodi usiku? Orodha nzima ya wanachama, ripoti, faili la chelezo? Kabla ya toleo la Erlang liitwalo OTP 22, ujumbe mmoja mkubwa uliziba njia hadi uishe wote. Tangu OTP 22 hukatwa vipande vya kilobaiti 64 ili jumbe za michakato mingine zipate kupenya katikati, na hali imekuwa nafuu sana. Bado kuna bafa ya kutolea, yaani kumbukumbu ambamo jumbe husubiri kuondoka, kwa kawaida kilobaiti 1,024 kwa kila muunganisho, na ikijaa, mchakato unaotuma husimamishwa mpaka ipungue. Mratibu wako akisimamishwa namna hiyo, hasomi sanduku lake la jumbe, na kila anayemsubiri anaanza kumdhania vibaya. Washa erlang:system_monitor kwa tukio la busy_dist_port, uache iandike logi wiki nzima. Ikiandika hata mara chache, toa mizigo mikubwa kwenye njia hiyo: weka faili kwenye hifadhi au upitishe kwa muunganisho mwingine, na kati ya nodi upeleke anwani ya faili tu.

Turudi kwenye kazi iliyofanywa mara mbili. Kinga yake ina tabaka mbili, na ya kwanza itakupunguzia tatizo huku ya pili ikilimaliza karibu lote.

Tabaka la kwanza ni kuufanya mchakato wa B ujisimamishe. Sasa hivi ufuatiliaji wenu unakwenda upande mmoja: A inamwangalia B, B haimwangalii A. Tumia kiungo, yaani link, ambacho ni cha pande mbili. Wazo lake lilitoka kwenye simu za zamani. Joe Armstrong ameeleza kwamba walipokuwa wanaibuni Erlang huko Ericsson, Sweden, mwenzake Mike Williams aliliazima kutoka kwenye mitambo ya simu iliyokuwa na waya wa tatu, na ukitaka kukata simu nzima uligusisha waya huo ardhini, kila kilichohusika na simu hiyo kikaachia. Mchakato wa B ukiunganishwa na mratibu kwa kiungo, na usiwe umewasha trap_exit (mpangilio unaougeuza wito wa kufa kuwa ujumbe wa kawaida), basi B ikiona muunganisho na A umevunjika itauua mchakato huo kwa sababu ileile ya noconnection. Yaani badala ya A kukisia kwamba mtumaji wa B amekufa, unapanga kwamba asiyesikia habari za A lazima afe.

Ila pande mbili hazigundui kwa wakati mmoja. A inaweza kukata sasa hivi, na kama ishara ya kufunga imepotea njiani, B itakaa hadi sekunde 75 nyingine ikidhani mambo ni shwari. Kwa hiyo mratibu akipata noconnection asihamishe kazi hapohapo. Aweke kipima muda cha, tuseme, sekunde 100, ndipo aikabidhi C. SMS ya kukumbusha marejesho inaweza kusubiri chini ya dakika mbili bila mtu kuumia. Watu wa simu wenye mazungumzo yanayoendelea hawawezi kusubiri hivyo; ninyi mnaweza, na ni fursa msiipuuze. Sababu ikiwa nyingine yoyote, kama nilivyosema, ahamishe mara moja.

Kwa nini hiyo haitoshi? Chukulia seva ya B ni mashine iliyokodiwa, na mwenye nyumba yake ameigandisha dakika tatu ili aihamishe kwenye kompyuta nyingine. Mchakato ulikuwa umeshachukua namba ya mwanachama na maandishi, umebakiza kubonyeza. Dakika tatu zinapita, A imesubiri sekunde zake 100 na kuikabidhi C, C imemaliza. B inaamshwa. Kwa mtazamo wake hakuna muda uliopita. Kitu cha kwanza utakachofanya mchakato ule unaweza kuwa ni kutuma, kabla mashine ya Erlang haijapata nafasi ya kugundua kuwa imechelewa. Hakuna ticktime inayozuia hili.

Tabaka la pili linakaa pale kazi inapogusa dunia, na dunia yenu ni kanzidata na mtoa huduma wa SMS. Kila kikumbusho kipewe kitambulisho kinachotokana na maana yake, si na wakati kilipotengenezwa: namba ya mkopo pamoja na tarehe ya rejesho inatosha. Kiwekwe kwenye jedwali lenye sharti la kutojirudia. Kisha kila mara mratibu anapogawa kazi, aongeze namba ya awamu kwenye safu ya kikumbusho hicho: B amepewa awamu ya 1, C amepewa awamu ya 2. Kabla ya kutuma, mchakato hubadilisha hali ya safu kutoka inasubiri kwenda inatumwa, kwa masharti mawili, kwamba hali bado ni inasubiri na awamu bado ni ile aliyopewa yeye. Kanzidata ikijibu kuwa hakuna safu iliyobadilika, mchakato unanyamaza na kufa. B wa awamu ya 1 akiamka usingizini atakuta awamu ni ya 2 na mlango umefungwa. Hahitaji kujua kwamba alidhaniwa amekufa, wala A haihitaji kujua kwamba yu hai.

Kunabaki upenyo mmoja mwembamba, na nakuambia ukweli wake ili usije ukanilaumu. Mchakato unaweza kufa, au kugandishwa, baada ya kuandika inatumwa na kabla mtoa huduma hajapokea. Ukikuta safu ya namna hiyo asubuhi, hujui kama SMS ilikwenda. Mtoa huduma akikubali kitambulisho chako na kukataa kinachojirudia, mpelekee tena na tatizo limekwisha. Asipokubali, lazima uchague kati ya kutuma tena kwa hatari ya kurudia na kuacha kwa hatari ya kutofika. Kwa kikumbusho ningetuma tena, kwa sababu mwanachama aliyekumbushwa mara mbili anakereka, na asiyekumbushwa anapigwa faini ya kuchelewa. Siku mtakapoanza kukata fedha kwenye akaunti kwa mfumo huuhuu, geuzeni uamuzi: hakuna kurudia mpaka uulize hali ya muamala na kupata jibu.

Msiruke pia kushughulikia kurudi kwa B. Muunganisho unapofufuka, ule ufuatiliaji wa zamani haufufuki nao. Ulishalipwa DOWN yake na umefutwa, na mratibu asipofuatilia upya, mchakato wa B unaweza kufa kweli safari hii na asiambiwe lolote. Jiandikishe kwa net_kernel:monitor_nodes ili mratibu apate nodeup na nodedown. Nodeup ikija, aulize B ina michakato gani na kazi zipi, aifuatilie upya ile anayoitambua na kuua isiyo na kazi halali. Katika kuanzisha kazi yoyote, afuatilie kwanza ndipo atume ujumbe wa kazi. Akitanguliza ujumbe, mchakato unaweza kufa katikati na atabaki na noproc isiyomwambia kitu. Ajue pia kwamba baada ya DOWN ya noconnection, jumbe kutoka mchakato uleule zinaweza kuendelea kumfikia muunganisho ukirudi. Kwenye kifo cha kweli hili halitokei: DOWN hufika ikiwa ya mwisho, baada ya kila kilichotumwa na marehemu. Kwa hiyo kila jibu la kazi libebe namba yake ya awamu, na mratibu atupe lenye awamu iliyopitwa.

Huenda mnatumia gen_server:call, yaani kutuma ombi na kusubiri jibu, kutoka A kwenda B. Ndani yake kuna ufuatiliaji huohuo na kikomo cha milisekunde 5,000. Kikomo kikipita, maana yake ni kwamba jibu halijafika tu. Kazi inaweza kuwa imefanyika, inafanyika, au itafanyika dakika ijayo. Tangu OTP 24 jibu lililochelewa halimwangukii tena mpigaji kwenye sanduku lake, na hilo limesafisha uchafu mwingi wa zamani, lakini kazi iliyokwishafanyika upande wa pili hairudi nyuma.

Bado hatujauliza: je, kama aliyetengwa ni A? Usiku ule mlidhani B ndiyo iliyopotea kwa sababu mratibu yuko A. Ingewezekana A ndiyo iliyotoka kwenye mtandao, B na C zikabaki zinaonana vizuri. Sharti jepesi kwa nodi tatu ni akidi ya mbili: mratibu asiyeona hata nodi moja nyingine asigawe kazi wala asiamue nani amekufa, asubiri. Mkitaka uratibu wenyewe uhame A ikifa, msijitungie uchaguzi wa kiongozi. Tumieni Raft, utaratibu wa nodi kuafikiana uliochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout mwaka 2014; upo tayari kwa Erlang kwenye maktaba iitwayo Ra, ileile inayobeba foleni za akidi za RabbitMQ, programu ya kupanga foleni za jumbe. Kwa ukubwa wa mfumo wenu wa leo naona ni mapema. Kanzidata ikishika awamu, inawatosha.

Mkiwa mnatumia OTP 25 au zaidi, kuna tabia mpya ya kujua kabla haijawashtua. Moduli ya global, inayosimamia majina yanayosajiliwa klasta nzima, ili kuzuia makundi ya nodi yanayoingiliana, ikiona A imempoteza B huku C ikiwaona wote, itakata miunganisho mingine makusudi ili klasta igawanyike katika makundi yaliyo wazi. Mnaweza kuona C ikipata nodedown ya B wakati njia kati yao ni nzima. Mpangilio wenyewe unaitwa prevent_overlapping_partitions. Msiuzime kwa haraka, kwa sababu majina yaliyosajiliwa klasta nzima yanaweza kuharibika bila huo.

Na kwa kuwa nodi zenu zinashika taarifa za mikopo ya watu: kuki haifichi chochote, inatambulisha tu. Jumbe kati ya nodi husafiri wazi usipowasha TLS (usimbaji fiche wa mawasiliano), na yeyote mwenye kuki akifika kwenye poti anaweza kuendesha amri yoyote kwenye nodi yoyote. Fungeni 4369 kwa fayawoli isionekane nje ya seva zenu, na wekeni kikomo cha poti za nodi zenyewe kwa inet_dist_listen_min na inet_dist_listen_max ili fayawoli ijue cha kuruhusu.

Mkishabadilisha, jaribuni kwa vifo vya aina tatu, kwenye nodi za majaribio zenye namba zenu wenyewe za simu. Kwanza ueni mashine ya Erlang ya B kwa kill -9: DOWN ya noconnection inapaswa kufika papo hapo, na kazi kuhamia C baada ya kile kipima muda. Pili zuieni pakiti kati ya A na B kwa fayawoli bila kuua chochote: DOWN itakuja kati ya sekunde 45 na 75, na mchakato wa B ujiue wenyewe kwa sababu ya kiungo. Wakati pakiti bado zimezuiwa, angalieni B ikiwa bado inafika kwenye kanzidata, kwa sababu hali hiyo ndiyo iliyowapata. Tatu, gandisheni B kwa kill -STOP ikiwa imeshachukua kazi lakini haijabadilisha hali ya safu, subirini hadi C imalize, halafu iamsheni kwa kill -CONT. Someni logi ya B mstari kwa mstari kuanzia sekunde ilipoamka. Mkiona jaribio la kubadilisha safu likirudi na sifuri, na hakuna simu iliyolia mara ya pili, iwekeni kwenye uzalishaji.